Nimechekwa na Mbwa Ukweni

Yule mbwa bado ananicheka. Idd imeshapita, masufuria ya pilau yamesharudishwa kwa wenyewe, lakini nikifumba macho namwona akichomoza kwenye majani, mikono mdomoni, mabega yakimtikisika kwa raha. Mbwa wa Duck Hunt, ile gemu ya kuwinda bata. Amenicheka mbele ya baba mkwe, mbele ya mama mkwe, mbele ya mashemeji waliojazana sebuleni kula sikukuu, na mbele ya kijana mmoja wa darasa la tano ambaye tangu siku ile hanisalimii bila kuniita Anko Bata.

Mashine niliinunua mwenyewe Kariakoo: nakala ya Famicom, mashine ya gemu ya zamani ya Nintendo, pedi mbili, bunduki nyeusi ya plastiki, na boksi lenye picha ya komandoo ambaye hayumo kwenye gemu hata moja. TV ilikuwa ya shemeji. Mpya, inchi 55, imetundikwa ukutani, nyembamba kama chapati. Nikachomeka waya, nikawaambia watoto wasogee nyuma wajionee, nikapiga goti moja chini. Goti la nini, mpaka leo sijui.

Bata akapaa. Nikalenga, triga ikalia, kioo kikamweka, bata akaendelea na safari zake. Nikafyatua tena. Bata wala hakugeuka. Risasi zikaisha, mbwa akachomoza, akacheka, na sebule nzima ikacheka naye. Raundi iliyofuata nilisogea mpaka mtutu ukagusa kioo, shemeji akakohoa kwa ajili ya TV yake. Bata alikuwa pua kwa pua na bunduki na bado hakufa. Mama mkwe, mtu ambaye hajawahi kuniinulia sauti, akasema kwa huruma iliyoniua zaidi ya kicheko, "Pole mwanangu. Labda ni macho." Siku mbili baadaye mke wangu alinikabidhi kikaratasi chenye jina la daktari wa macho, mwandiko wa mama yake.

Sasa naomba nisikilizwe, maana pale sebuleni hakuna aliyenipa nafasi ya kumaliza.

Ile bunduki haipigi kitu. Haitoi mwanga, haitoi mionzi, haitoi chochote. Inapokea. Ndani ya mtutu kuna lenzi na kijicho cha kuhisi mwanga, basi. TV ndiyo inayoifyatulia bunduki. Ukivuta triga, mashine inazima picha yote: mbingu, mti, majani, bata, vyote vinakuwa giza kwa fremu moja, yaani sehemu ndogo sana ya sekunde. Fremu inayofuata, pale pale alipokuwa bata panachorwa kisanduku cheupe, kila kitu kingine kikibaki cheusi. Mashine inakiuliza kile kijicho: kwenye giza uliona nini? Sikuona kitu. Na sasa? Naona mwanga. Basi bata kafa. Wakipaa bata wawili, visanduku vinatokea kwa zamu, kimoja fremu hii, kingine fremu inayofuata, na mashine inajua aliyekufa ni yupi kwa kuangalia tu mwanga umeonekana zamu ya nani. Haijui ulilenga wapi. Haina haja ya kujua. Inajua saa.

Na ile fremu ya giza haikuwekwa kwa urembo. Imewekwa kwa ajili yenu mliokuwa mkielekeza bunduki kwenye balbu. Kijicho kikiona mwanga wakati ambapo kinatakiwa kuona giza, mashine inajua unafanya ujanja na risasi yako haihesabiwi. Mtu alikaa ofisini huko Kyoto miaka ya 1980 akawaza uhuni wa watoto ambao hatawaona maisha yake yote, akauwekea mtego. Mimi mtu wa namna hiyo namvulia kofia.

Ila yote haya yanataka TV ya chogo. Lile chogo halikuwa kitambi cha bure. Nyuma yake kulikuwa na mzinga unaorusha elektroni, zikigonga kioo kwa ndani na kukiwasha nukta kwa nukta, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, mistari 15,625 kila sekunde kwenye mfumo wa TV zetu. Picha haikuwahi kuwepo yote kwa pamoja. Ilikuwa inafumwa mbele ya macho yako na wewe unadhani imetulia. Saketi ya bunduki ilitengenezwa isikilize mapigo yale yale ya mistari na kupuuza mwanga mwingine, ndiyo maana jua la dirishani halikuweza kuua bata. Mashine ikichora kisanduku, kinaonekana kwenye kioo papo hapo. Hakuna wa kati.

TV bapa ina wa kati. Inapokea picha, inaigeuza kuwa namba, inaisafisha, inaikuza ijae inchi 55, ndipo inaionyesha. Jicho la binadamu halioni ule ucheleweshaji. Mashine inauona vizuri sana. Kisanduku cheupe kinapotokea kwenye kioo cha shemeji, hukumu imeshatolewa na mbwa yuko njiani. Na hata kingewahi, mwanga wake hauna yale mapigo ambayo bunduki inayasubiri. Leteni mdunguaji wa jeshi. Leteni timu nzima ya ulengaji shabaha ya Olimpiki na medali zao shingoni. Mbwa atawacheka wote, mmoja baada ya mwingine, na mama mkwe atawapa pole.

Nilipofika kwenye mzinga wa elektroni, baba mkwe alinisogezea sahani akasema, "Mkwe wangu, kula kwanza."

Nikala. Lakini kichwani nilikuwa naendelea kuhutubia. Nilikuwa nimefika kwa Masayuki Uemura, mtu wa kampuni ya Sharp aliyekuwa akizungukia wateja kuuza seli za kunasa mwanga. Pale Nintendo alikutana na Gunpei Yokoi, fundi wa vitu vya kuchezea, ambaye alizitazama seli zile akaona bunduki. Mwaka 1970 Nintendo ikauza bunduki ya mwanga ya watoto. Uemura akahamia Nintendo moja kwa moja, na ndiye aliyekuja kuisanifu Famicom ya 1983. Duck Hunt ikafuata mwaka 1984. Yaani mchuuzi kaja kuuza bidhaa yake, miaka imepita, na mimi nimevuliwa nguo ukweni. Njia ni ndefu lakini imenyooka.

Ndicho kinachonivuta kwenye gemu hizi, na watu wanadhani ni kukumbuka utoto. Waliozitengeneza hawakuwa na kitu, kwa hiyo hawakuacha kitu bila kukitumia. Super Mario Bros. nzima, na mabonde yake, na nyimbo zake, na zile njia za siri za chini kwa chini, ni kilobaiti 40. Picha moja ya pilau aliyoturushia shemeji kwenye grupu la familia inaizidi mara nyingi, na picha yenyewe ina ukungu. Tomohiro Nishikado alipotengeneza Space Invaders mwaka 1978, prosesa ilikuwa inahema kuwachora wale wavamizi wote. Ukiwaua wachache, kazi ya kuchora inapungua, waliobaki wanakimbia. Ukibaki na mmoja, anakimbia kama mwizi. Nishikado aliliona hilo akaliacha lilivyo. Presha iliyowatoa jasho watu dunia nzima ilikuwa ni mashine kupumua baada ya kutuliwa mzigo.

Au mchukue Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami. Alipewa kazi ya kuileta gemu ya Gradius kwenye Famicom, ikatoka mwaka 1986, na gemu yenyewe ilikuwa ngumu mno kwake. Fundi anaijenga nyumba halafu anashindwa kuingia mlangoni. Akajitengenezea upenyo wa kufanyia majaribio: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Upenyo ukabaki ndani gemu ilipoingia sokoni. Gemu ya Contra ikaurithi, maisha matatu yakawa 30, na mitaani kwetu kulikuwa na vijana wasiojua hata ubeti wa pili wa wimbo wa taifa lakini hiyo wanaipiga gizani. Hashimoto alifariki mwaka 2020. Mtu aliyeshindwa na gemu yake mwenyewe ametuokoa wengi kuliko baadhi ya wabunge.

Turudi kwenye TV, maana hapa mzaha unanitoka.

Nilikwenda kwa fundi kutafuta chogo. Hata inchi 14, hata yenye rangi moja iliyokufa. Fundi akanionyesha alikozipeleka: uani, zimepasuliwa, waya wa shaba umechunwa, maganda yamerundikwa ukutani. Shaba ina bei, TV haina. Nikakumbuka zilivyokuja. Zilikuja kwa makontena, mitumba, wakati wenzetu huko wanahamia bapa na sisi tunauziwa walichokitoa sebuleni mwao. Tukazinunua, tukazivisha vitambaa vya kudarizi. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa, Dar es Salaam kwanza, tukaambiwa tununue ving'amuzi. Tukanunua, chogo likaendelea kuishi. Sasa tumeambiwa tuhame tena, tumehama, na uchafu wake, yale madini ya risasi yaliyomo ndani ya vioo, umebaki kwenye ua wa fundi huku watoto wake wakicheza gololi pembeni. Waliozitengeneza hawapo. Waliozishusha bandarini hawapo. Fundi yupo.

Na kilichokuja badala yake ni nini? Yule kijana wa darasa la tano ana gemu ya kupigana risasi ya kisasa, baba yake kaitolea hela nzuri. Siku ya Idd, baada ya kuniaibisha, aliiwasha ili anionyeshe ulengaji wa kweli. Gemu ikasema inajisasisha. Ikala bando la baba, ikala bando la shangazi, ikafika asilimia fulani ikagoma. Nyingine aliyokuwa nayo mwaka jana, ya magari, haifunguki kabisa. Wenyewe huko ng'ambo wamezima mtambo, na gemu imekufa pamoja na hela. Kumbe hakununua gemu, alinunua ruhusa, na ruhusa imefutwa bila hata kikao. Mashine yangu ya Kariakoo imeandikwa kwenye boksi kwamba ina mamia ya gemu, na ukiipitia orodha utakuta ni zile zile chache zinazorudiwa, moja inaanzia hatua ya kwanza, nyingine ya tatu, majina yamepindishwa kidogo. Wizi mtupu. Lakini ni wizi unaowaka ukibonyeza swichi, na mwakani utawaka.

Mikasa mingine ya maisha yangu ya bunduki siisimulii kwa kirefu. Kwenye gemu ya GoldenEye, ile ya 1997, jamaa yangu alinimaliza mfululizo kwa kuchungulia robo yangu ya kioo, na nilipolalamika akasema macho ni yake. Kwenye Contra, pale kwenye maporomoko ya maji, mwenzako akipanda haraka kioo kinapanda naye na wewe uliye chini unakufa bila kuguswa na adui. Urafiki wangu mmoja uliishia hapo.

Kwa kuwa ukweni hakuna aliyenielewa, nilimpigia dada yangu simu. Tulikua na mashine moja, bunduki moja, chogo moja lenye antena ya hanga. Nikajua yeye atanihurumia. Nikamweleza yote, fremu ya giza, kisanduku, wa kati. Akanyamaza kidogo.

"Unajua," akasema, "ile pedi ilikuwa inamwendesha bata."

Nikamwambia hapana. Akasema ndiyo, mkicheza ya bata mmoja mmoja, pedi inampeleka bata popote unapotaka. Nimekwenda kuhakikisha: ni kweli, Nintendo waliiweka makusudi. Na nikakumbuka utoto wangu wote kwenye lile zulia, mimi na bunduki, na dada yangu ameketi nyuma yangu na pedi mapajani, mpole, anasubiri zamu yake ya Mario.

"Dada, miaka yote hiyo?"

"Ungekuwa unalenga vizuri, usingejua," akasema, kisha akaniuliza kama nimeshakwenda kwa yule daktari wa macho wa mama mkwe.