Nilienda Kuomba Majani Tu

Sogea hapo kwenye benchi, jirani. Ila usiniguse kichwa. Bado kinawaka.

Msala wote umeanza na chupa ya shampuu. Si yangu. Mimi bafuni sina kitu zaidi ya mswaki, na huo mswaki wenyewe nina wasiwasi kuna mtu anausugulia viatu. Chupa ni ya mama watoto. Kainunua Kariakoo, shilingi 18,000, ina picha ya nazi, inanukia mpaka unatamani kuionja. Niliionja. Usijaribu.

Sasa mimi nina mba. Nikivaa shati jeusi, watu wananiuliza mashine ya kusaga nimefungua lini. Nikiingia kuoga nabonyeza kidogo. Kesho kidogo. Kumbe mwenzangu kachora mstari kwenye chupa kwa maka peni. Jumatatu kaniita sebuleni, mbele ya watoto, kainua chupa kwenye mwanga wa dirisha. "Baba, mstari huu hapa. Shampuu hii hapa. Hapo katikati kapita nani?" Kimya. Kitinda mimba, ana miaka minne tu, akaninyooshea kidole. Mtoto ninayemlipia chekechea!

Nikasema basi. Siitaki dawa yenu. Kuanzia leo naosha kiasili. Babu zetu walikuwa na shampuu gani?

Kosa langu nilisema kwa sauti. Mpwa wangu akainuka na simu. Huyu kijana kamaliza fom foo, kazi hana, jambo asilojua hana. "Anko, shampuu yenyewe ya juzi tu. Neno limetoka Uhindini, maana yake kukanda. Halafu kuna Mjerumani, Hans Schwarzkopf, huyo kaanza kuuza ya unga kule Berlin mwaka 1903." Nikapiga hesabu. 1903 si ndio Wajerumani wako huku, wanamdai babu yangu kodi ya kibanda? Yaani babu anakamuliwa rupia, wenzake kule wanajipaka povu! Hasira ikanipanda. Nikaapa mbele ya watoto wote, hata yule msaliti.

Mpwa akasema wajanja siku hizi wanaosha kwa baking soda. Kijiko kimoja kwenye maji, unasugua, unasuuza na siki iliyozimuliwa. Nikaja hapa hapa kwa Mangi. Nikamwambia nipe soda. Akanipa Fanta. Nikamwambia hapana, ile ya kuoshea nywele. Akaniangalia. Akaangalia nywele. Akaingia ndani akatoka na magadi, yale mawe ya kuivishia maharage. Jero tu. Nikasema kweli Mungu si Athumani.

Jirani, baking soda na magadi ni ndugu, lakini baba mmoja mama tofauti. Ile ya keki ni mpole. Magadi ni yule kaka anayekuja kwenye kikao cha familia na panga. Yanalainisha maharage yaliyokaa stoo tangu mwaka juzi, sembuse kichwa cha mtu! Mimi kijiko sikukiona, nikachota kwa kiganja. Nikasugua. Kwanza pakawa na ubaridi. Halafu moto. Nywele zikasimama, zikakwaruza, nikishika nahisi kama nashika stili waya ya kusugulia masufuria. Nikakumbuka siki. Kuzimua nani ana muda huo? Nikamimina chupa nzima.

Nilipiga kelele. Mama watoto akagonga mlango kuuliza kuna nini. Nikamjibu naimba.

Nilipotoka, mpwa ndio anamalizia kusoma. Eti ngozi ya kichwa inataka asidi kidogo, pH yake iko kwenye 5.5. "Magadi yanagonga 10, Anko." Nikamuuliza, sasa kumi si ndio alama nzuri zaidi? Akaenda kulala bila kunijibu. Vijana wa siku hizi hawana adabu.

Kesho yake daladala imejaa, joto la Temeke unalijua. Nimebana katikati. Jasho likaanza kushuka, na siki nayo ikashuka. Konda akapaza sauti: "Jamani, mwenye kachumbari apeleke nyuma!" Na mimi nikageuka kumtafuta. Nimefika mbali sana ndipo nikajijua.

Kinyozi ndiye aliyenionea huruma. Mpemba yule, mkono mwepesi. Kasema, mzee, kwetu dada zangu wanaoshea majani ya mkunazi. Unayatwanga, unatia maji ya vuguvugu, yanatoa povu lake la upole, unasuuza, basi. Ndugu zao wakija kutoka Muscat wanawaletea ya unga kwenye paketi, wanaita sidri. Nikamuuliza, hayachomi? Akacheka. Hayachomi.

Mtaani mkunazi uko mmoja, uwani kwa Bibi. Nikaenda alfajiri. Usiku mzima sijalala, macho mekundu, sauti imekauka kwa ile nyimbo ya bafuni, kichwani nimejitwika taulo.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kuomba majani ya mkunazi."

Ungo ukamponyoka. Mchele wote chini.

"Innalillahi wainna ilaihi rajiun! Mwanangu! Lini?"

"Toka Jumatatu, Bibi."

"Jumatatu! Leo Alhamisi! Na mpaka leo hamjamwosha?"

"Nilianza na magadi."

Akakaa kwenye kigoda. "Magadi!"

"Nikamalizia na siki."

Akashika kichwa. Mimi nikaona huyu bibi ana huruma, hata mke wangu hajaniuliza hivi. Akasema kwa sauti ndogo: "Na anayeosha nani?"

"Mwenyewe tu, Bibi. Bafuni."

Wewe usicheke, subiri. Mtu wa Pwani umeshajua. Mimi nimekulia bara, na Uislamu wangu wa Idi mbili. Mazikoni huwa nakaa upande wa masufuria. Ningejuaje kwamba majani yale ndiyo yanayotiwa kwenye maji ya kuoshea maiti? Bibi kayachuma mwenyewe, kikapu kizima, huku analia. Nikamwambia Bibi usilie, nitapona. Akazidi.

Nikarudi. Nikatwanga kwenye kinu cha vitunguu swaumu, usimwambie mama watoto. Yeye yuko sokoni. Nikaingia bafuni.

Jirani! Povu dogo, jepesi, kama la maziwa ya moto. Linateleza. Kichwa kikapoa, nikawa naimba kweli sasa. Ni mchanga mchanga wa majani tu, huo unasuuza mpaka uchoke, kwa sababu sikuchuja. Nikasikia nje watu. Nikasema labda wageni wa mwenye nyumba. Nikasikia viti vinaburutwa. Nikasikia mtu anauliza turubai lielekee wapi. Nikachungulia dirishani: jeneza la msikiti limeegemezwa ukutani, pua yangu na jeneza, shubiri moja.

Nikatoka kuuliza nani kafa. Taulo kiunoni, povu la kijani kichwani. Akina mama waliokaa kwenye jamvi wakanyanyuka wote kwa pamoja. Kuna mmoja hatumpati mpaka leo.

Mama watoto ndio anaingia na kikapu chake. Anauliza nani, wanamwambia mumeo, maana habari ya Bibi ilishageuka njiani. Alilia, jirani. Nilikuwa nyuma ya turubai, nilihesabu, kama sekunde kumi hivi, na kwa nguvu. Kisha akaniona. Kilio kikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Na huyu huyu Mangi, usigeuke, alikuwepo. Kaja na daftari la madeni.

Sukari kilo tano zimeshakwenda kwenye chai. Mwenye turubai anataka 50,000 yake, keshachimbia nguzo. Rambirambi nimezirudisha nyumba kwa nyumba, na kila nyumba nimeulizwa kama nina uhakika. Shampuu mstari haujashuka, hilo nimemwonyesha mke wangu. Na nywele ni laini, gusa upande huu, hapa kidogo. Si umeona? Hakuna hata mmoja aliyesema kitu kuhusu nywele.

Jana nikampelekea Bibi kikapu chake, majani yamebaki nusu. Akanitazama sana. Akanirudishia.

"Yaanike, mwanangu, uyatunze. Iko siku yatatakiwa, na siku hiyo hutakuja kuyaomba mwenyewe."