Ligi ya Viporo
Shemeji yangu wa Isebania alivuka Sirari Jumapili asubuhi, akanikuta na chai na ugali wa jana. Hajakaa sawa, akaniuliza: "Mura, ligi yenu anaongoza nani?"

Swali la mtoto. Nikameza tonge, nikamwambia anayeongoza amecheza mechi nyingi kuliko wenzake. Wa pili ana viporo vitatu. Akishinda vyote anakwenda juu, ila kimoja ni dhidi ya wa tatu, ambaye naye ana viporo viwili.

Shemeji akaitazama sahani, akanitazama mimi. "Kwa hiyo hata mpira mnakula wa jana?"

Kwenye karatasi ligi yetu haina fumbo. Timu 16, nyumbani na ugenini, mechi 30, ushindi pointi 3. Wawili wa mkiani wanashuka, wa 13 na wa 14 wanakwenda kwenye mchujo. Halafu Simba na Yanga wanakwea ndege kwenda kucheza mechi za Afrika, ratiba inapanguliwa, na mimi Tarime nashika kalamu kutafuta bingwa kama karani wa sensa.

Machi 8, 2025 sitaisahau. Nimelipa kibanda umiza mapema nipate benchi la mbele, kumbe watani wa jadi hawachezi. Mechi imeahirishwa siku ileile. Nikadai hela yangu. Mwenye kibanda akasema nayo ni kiporo. Juni 25 mechi ikachezwa, Yanga wakashinda 2-0, nikamkumbusha. Akaniuliza risiti. Tangu lini kibanda umiza kikatoa risiti?

Na tunagombania nini? Ligi ilianza 1965, bingwa wa kwanza Sunderland, ndiyo Simba ya leo. Mara ya mwisho kombe kutoka nje ya mikono ya wale wawili ni Azam, msimu wa 2013/14. Mwaka 1986 lilikwenda kwa Tukuyu Stars. Tukuyu! Mji wa wilaya kama wetu, wenye baridi kama yetu na migomba kama yetu. Hilo ndilo linaniuma kuliko ile hela.

Nasi mkoani Mara tuliwahi kuwa na timu yetu. Biashara United walipanda 2018, tukawa tunavuka daraja la Kirumi kwenda uwanja wa Karume, Musoma, kupiga kelele za kwetu wenyewe. Msimu wa 2020/21 wakamaliza wa nne, msimu uliofuata wakaenda Kombe la Shirikisho Afrika, wakawapiga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam. Zikabaki dakika 90 za Libya. Safari ikashindikana, wakatolewa bila kugusa mpira. Msimu uleule wakashuka daraja. Sasa kuanzia Nyamongo hadi Mugumu watu wanakunjana mashati kwa ajili ya Simba wa Msimbazi na Yanga wa Jangwani, mitaa iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka hapa.

"Sasa wewe upo upande gani?" shemeji akauliza.

Nikanyamaza. Akanawa mikono, akaivuta sahani yangu, akaumaliza ugali wote palepale. Kiporo cha kwanza msimu huu kumalizika kwa wakati.