Amefaulu kwa Kiasi Kikubwa

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Nakumbusha hili kwa sababu kuna kijana wa Kidato cha Sita ambaye, baada ya kuitathmini *Kufikirika* ukurasa hadi ukurasa, kamalizia kwa kumshauri mzee wetu aongeze juhudi katika kazi zake zijazo.

Nikamwita, nikamuuliza juhudi hizo zitaongezewa wapi. Akanijibu kwa adabu zote: "Mwalimu, si tulifundishwa hitimisho lazima liwe na ushauri?"

Rundo la insha za mtihani wa utamilifu liko mezani, na swali lilikuwa jepesi tu: tathmini kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Utangulizi safi. Kiini kina hoja, kina mifano, unaanza hadi kumpenda mtoto wa watu. Ukifika aya ya mwisho unakutana na hii: "Kwa kuhitimisha, mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kufikisha ujumbe kwa jamii. Hata hivyo, ameshindwa kutoa suluhisho la matatizo aliyoyaibua." Fungua karatasi inayofuata, hiyo hiyo. Awe kasoma *Takadini*, awe kasoma *Watoto wa Mama N'tilie*, mwandishi kafaulu kwa kiasi kikubwa na suluhisho hana. Kiasi chenyewe kinapimwa kwa kilo au kwa debe, hakuna aliyewahi kuniambia.

Chukua *Ngoswe*. Edwin Semzaba katuletea karani wa sensa aliyepelekwa kijijini kuhesabu watu, akafika akaona wote hawana maana isipokuwa Mazoea, binti wa Balozi Mitomingi. Mambo yakaharibika mpaka Balozi, kwa hasira, akazitia moto karatasi za sensa. Sasa mwanafunzi anaponiandikia kwamba mwandishi hakutoa suluhisho, anataka lipi? Serikali ichapishe karatasi nyingine? Nani kasema tamthiliya ni kamati ya maafa? Na kama kweli kutotoa suluhisho ni kosa, basi niambie ni kosa kubwa au dogo, maana umelitaja mlangoni, ukafunga, ukaondoka.

Aliyeulizwa atathmini ameulizwa atoe hukumu. Kazi inafaa au haifai? Imfae nani? Kwa kipimo kipi? Ukianza insha kwa kusema utampima mwandishi kwa wahusika wake na lugha yake, hukumu itoke kwenye wahusika na lugha. "Jamii" ambayo hatukuwa nayo safari nzima usiipandishe kituo cha mwisho. Wala usinirudishie hoja zako moja baada ya nyingine kama vile nimezisahau. Nimetoka kuzisoma sasa hivi, kalamu nyekundu bado iko mkononi. Ninachotaka ni kujua, ukiziweka pamoja, zipi zimekulemea.

Halafu hiyo "hata hivyo". Sikiliza watu wanavyosifia kwa mama ntilie. "Chakula kitamu, ila wanachelewesha." Hapo umeshaghairi, unatafuta chipsi. "Wanachelewesha, ila chakula kitamu." Hapo unavuta benchi unakaa. Sifa ni ile ile, kasoro ni ile ile, lakini iliyokuja mwisho ndiyo iliyokuamulia. Mla wali maharage analijua hili bila kufundishwa na mtu. Mwanafunzi wangu anatanguliza sifa, anamalizia kwa lawama, halafu anashangaa nikimwambia amemponda mwandishi anayempenda.

Tusiwaonee watoto, wameyatoa kwetu. Mwaka jana nilimtuma shemeji yangu akaniangalizie nyumba ya kupanga, nauli nikampa, na ya soda nikampa. Akarudi na maelezo marefu: vyumba viwili, maji yanatoka usiku, mwenye nyumba anaishi humo humo, luku ya kuchangia, jirani ana mbwa. Nikamsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo shemeji, nihamie?" Akajikuna kidevu. "Nyumba ndiyo hiyo, shemeji. Nenda kaiangalie mwenyewe." Nimemtuma akaangalie, na yeye kanituma nikaangalie! Na wasomi wa mtandaoni ndio hao hao: mtu anachambua filamu nusu saa nzima, anaikausha kabisa, kisha anamaliza kwa "ni mtazamo wangu tu, msinijengee chuki." Hukumu anaiogopa kuliko mtuhumiwa.

Kuna binti mmoja, lakini, kwenye rundo hilo hilo. Kaandika kwamba lugha ya *Ngoswe* imembeba mwandishi pale ambapo kisa chenyewe ni chepesi, kwamba angempa mtu asiyependa kusoma aanze nayo, na kwamba anayetaka kuielewa sensa atafute kitabu kingine. Basi, kaweka nukta. Sikubaliani naye kuhusu huo wepesi wa kisa, ila nimempa alama zote za hitimisho. Mwenzangu wa meza ya pili anasema nimpunguzie, eti hakuandika "kwa kuhitimisha", msahihishaji atajuaje kwamba amehitimisha? Nikamwambia atajua kwa sababu karatasi imeisha.

Wiki hiyo hiyo mzazi mmoja alikuja na ripoti ya mwanawe mkononi. Mle ndani tumeandika, walimu wote kwa pamoja, "Anaweza akijitahidi." Mama akaivua miwani. "Mwalimu, nimeuza mahindi nilipe ada. Huyu atafika au hatafika?" Nikamjibu: atafika, Kiswahili na Historia anaviweza, Hisabati itamwangusha asipokaa na mtu jioni, na simu mumnyang'anye. Akanishukuru akaenda zake.

Saa sita Mkuu wa Shule akaniita. Amesikia nimetumia lugha kali kwa mzazi. Akaeleza umuhimu wa lugha ya kujenga, akasifu mchango wangu wa miaka mingi, akagusia changamoto za hapa na pale, akaangalia saa yake, akasema, "Kwa ujumla tunakwenda vizuri, Mwalimu. Basi tuendelee kuliangalia."

Mpaka naandika haya sijui kama nilipongezwa au nilionywa.