Mkoloni Asiyechimba Shimo

Wakubwa waliopita Shinkolobwe, mgodi wa urani hapa kwetu Kongo, wamekwisha kusifiwa. Robert Sharp, aliyeyakuta mawe ya urani mwaka 1915, yumo vitabuni. Edgar Sengier wa Union Minière alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York mwaka 1940, na Wamarekani wakamvisha nishani. Leo naomba zamu ya masizi ya mwembe, kuvu mweusi wa majani.

Inamisha tawi la mwembe wenye masizi hayo: jani jeusi kama kitako cha sufuria ya bukari. Lisugue kwa kidole gumba. Utando unabanduka, na chini yake kijani kizima, hakuna hata kovu. Sasa tazama jani la juu yake, upande wa chini: wadudu gamba wamejibandika wakifyonza utomvu, na kinachowatoka nyuma ni maji matamu yanayodondoka. Kuvu wetu hula makombo hayo tu. Aliletwa na upepo, bila mkataba wala barua ya Mfalme Leopold, akapata umande, akatandika mkeka.

Mtasema analizibia jani jua. Kweli. Lakini ni mgeni gani aliyefika hapa asimzibie mwenyeji jua? Huyu angalau hachimbi. (Binamu yake, kutu ya mahindi, huingia hadi ndani ya jani, huyo simtetei, kila ukoo una mhuni wake.)

Na ukoo huo una mashujaa pia. Ndugu zake weusi walikutwa wameota kwenye kuta za kinu cha nyuklia kilicholipuka Chernobyl, na mwaka 2007 watafiti wa New York wakaeleza kwamba weusi huo huwasaidia kukua penye mionzi. Sisi watu tulipigwa marufuku kuchimba Shinkolobwe Januari 2004 kwa amri ya rais. Julai shimo likaporomoka, likaua watu 8 waliokuwa bado wanachimba.

Dawa ya kale ya ukungu wa majani ni mrututu na chokaa. Mrututu hutokana na shaba. Yaani shaba itoke kwetu, izunguke dunia, irudi dukani ndani ya kopo, tuinunue kwa dola ili tumfukuze mpangaji wa mwembe!

Mke wangu hahitaji kopo. Amekoroga maji ya sabuni ya kuwamwagia wadudu. Anasema ukiwaondoa wapishi, mgeni hakai. Nimemwomba asubiri nimalize kuandika. Amesema mistari miwili.