Bata wa Flati Hawafi

"Shikamoo anko." Sijamaliza kuitikia marahaba, katoto ka jirani kakafunua kifuniko cha mashine yangu ya gemu. "Mbona hii ya kaseti?"

Masikio yananiwaka mpaka sasa. Sebule ilijaa watoto wa mtaani kwetu Mafiga, wateja wa kudumu wa banda la gemu, na mimi nilishawatangazia PlayStation. Kumbe jina la kwenye boksi limepishana na hilo kwa herufi chache tu, na chini ya kifuniko cha CD kuna mdomo wa kuchomekea kaseti ya njano iliyoandikwa gemu 9999999 ndani ya 1. Zilipoanza kujirudia, watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Ndani mle ni nakala ya mashine ya Nintendo ya mwaka 1983, babu aliyevalishwa koti la mjukuu.

Nikategemea bastola iliyokuja na mashine, ya kuwindia bata wa kwenye TV, iniokoe. Dukani iliangusha bata vizuri sana. Nyumbani, kwenye flati yangu, hafi hata mmoja.

Ufundi wake, lakini, ni mtamu. Bastola ile haitoi kitu, ni jicho. Ukifyatua, kioo kinakuwa cheusi kufumba na kufumbua, kisha alipo bata panachorwa kisanduku cheupe. Jicho likiona giza, halafu mwanga, bata kafa. Giza lile ndilo linalomkomesha mjanja anayelenga taa ya darini. Sasa, TV ya chogo huchora picha papo hapo, mstari kwa mstari. Flati huipokea, ikaitengeneza kwanza, ndipo ikaionyesha. Kisanduku kinapotokea, mashine imeshafunga hesabu: umekosa.

Na muuzaji alijua! Duka limejaa flati mpya hadi darini, lakini ya kujaribia ni chogo moja, imekaa juu ya stuli. Niliporudi na boksi langu, akanionyesha karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Karatasi hiyo imebandikwa kila duka kana kwamba ilipitishwa bungeni, na mwenye risiti ndiye anayeonekana mkorofi. "Mzee wangu, soma risiti." Imeandikwa "gemu 1". Hakuna aliyeandika PlayStation. Tumezoea kuibiwa kwa adabu namna hii, na tunaambiwa karibu tena.

Baadaye nilinunua PS2 ya mtumba: lenzi imekufa, inasoma flashi tu.

Pedi yake moja inakimbia kushoto.

Mwenye TV ya chogo inayowaka, nampa flati yangu na hela ya bodaboda.