Jinsi ya Kufuga Madoa Meupe

Watu wengi hununua tangi la kioo wakidhani wanakwenda kufuga samaki. Inawezekana, lakini ni kazi. Kufuga ugonjwa wa samaki ni rahisi zaidi na hakuhitaji kipaji. Mimi niliufuga kwa miezi minne hapa Arusha, sebuleni, mbele ya wageni, kwa hiyo nisikilizeni.

Kwanza tafuta mbegu. Bora kuliko zote ni lochi wa Sumatra na Borneo, yule wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeusi na sharubu kama za kambale mchanga. Magamba yake ni madogo mno na yamezama ndani ya ngozi, ukimtazama utadhani hana. Wengi wao huvuliwa mtoni wakiwa wadogo, wakasafirishwa ndani ya mifuko ya plastiki, wakafika dukani wamekonda na kuchoka. (Wakati huohuo samaki wetu wa Ziwa Tanganyika wanapandishwa ndege kwenda kupamba sebule za Ulaya. Kila mtu na cha mwenzake.)

Nunua bila kuuliza sana. Mimi nilikosea kidogo hapo, nikauliza. Mmoja alikuwa na vidoa viwili mkiani, vyeupe kama chembe za chumvi. "Hiyo ni rangi tu, bosi," kijana wa dukani akaniambia, "akikua inatoka." Nikalipia sita, nikawamimina moja kwa moja kwenye tangi la wenzao. Karantini ni ya watu wenye mashaka.

Kisha ngoja Julai. Baridi ya Arusha mnaijua. Umeme ukikatika saa nne usiku, hita nayo inalala, na kufikia alfajiri maji yaliyokuwa nyuzi 26 yamekuwa 20. Samaki aliyepigwa na baridi hana nguvu ya kujikinga. Siku chache baadaye utawaona wanajikuna ubavu kwenye mawe, na mwanao atakuja mbio: "Baba, samaki amekufa!" Usishtuke mapema. Lochi hulala ubavu hata akiwa mzima, ndiyo tabia yake. Ukigusa kioo akainuka na kukutazama kwa dharau, yuko sawa. Asubuhi ileile wangu aliinuka, lakini alikuwa kama aliyenyunyiziwa semolina.

Hapo ndipo unapoingia kwa hasira na chupa ya dawa. Soma maelezo, kisha ukokotoe vibaya. Tangi langu lina urefu wa sentimita 100, upana 40, kimo 50: lita 200, nikatia dawa ya lita 200. Baadaye, nilipoyatoa maji kwa ndoo ya lita 20, zilijaa nane na nusu. Lita 30 zilikuwa changarawe, mawe na hewa. Kwa samaki mwingine huenda zidio hilo lingepita, lakini lochi hawastahimili mrututu wala malakaiti grini, ndiyo maana wafugaji wengi huwapa nusu dozi. Mimi niliwapa zaidi ya dozi nzima. Wawili walikufa usiku huo, na hawakufa kwa madoa.

Ukitaka dawa isifanye kazi kabisa, acha mkaa ndani ya chujio. Mkaa huo utainywa yote.

Sasa sikilizeni siri yenyewe. Kimelea hiki kinaitwa Ichthyophthirius multifiliis, jina alilokipa Mfaransa Fouquet mwaka 1876, na maana yake ni chawa wa samaki mwenye watoto wengi. Kila doa unaloliona ni kimelea kimoja kilichonenepa chini ya ngozi, kinakula huku kimejifunika ngozi hiyohiyo kama shuka. Dawa haikifikii. Kikishiba kinadondoka, kinajibandika kwenye changarawe, kinajijengea kifuko na kuanza kugawanyika. Kifuko kimoja hutoa mamia ya watoto, hata kukaribia elfu. Hao wana siku moja au mbili tu za kuogelea wakitafuta samaki, wakimkosa wanakufa. Ni hapo tu, wakiwa uchi majini, ndipo dawa inapowapata. Katika maji ya nyuzi 25 mzunguko mzima huchukua siku chache, na katika maji ya nyuzi 10 unaweza kupita mwezi.

Kwa hiyo, ukitaka ugonjwa udumu, kanuni ni moja: acha dawa madoa yakitoweka. Na sisi hilo hatufundishwi. Tumelelewa na dawa ya mseto: siku ya kwanza tunameza kwa nidhamu, ya pili homa imeshuka, vidonge vilivyobaki vinaingia kwenye droo kumsubiri jirani aumwe. Siku ya nne madoa yote yalikuwa yameondoka. Nilizima hita ya ziada, nikarudisha mkaa, nikampigia shemeji simu kumwambia nimeshinda. Kumbe mama wote walikuwa wameingia leba kule changaraweni. Wiki iliyofuata walirudi na ukoo mzima. Nilifanya hivyo mara tatu, mpaka shemeji akaacha kupokea.

Wasiopenda mafanikio ya namna hii wana mambo yao ya kuchosha. Wanapandisha joto polepole, nyuzi moja au mbili kwa siku, mpaka 30, ambako kimelea kwa kawaida hushindwa kuzaliana, ingawa zipo koo zinazostahimili. Kwa kuwa maji ya moto hubeba hewa kidogo, wanaongeza pampu. Wanafyonza changarawe kwa mpira kila siku au kila baada ya siku moja, maana vifuko viko huko. Wanatia nusu dozi, au chumvi ya mawe gramu moja hadi mbili kwa lita, iliyoyeyushwa kwanza kwenye jagi. Na wanaendelea hivyo wiki mbili nzima, hata kama tangi linang'aa na mke anauliza kwa nini hita inakula umeme wa watu.

Nami mwishowe nilichoka, nikawaiga. Lochi wanaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Kati ya sita wangu wamebaki watatu. Chini ya ngazi kuna pipa la lita 60 lenye hita yake, pampu yake na wavu wake, na hakuna samaki anayeingia sebuleni kabla hajamaliza humo wiki nne.