Jinsi ya Kuwasha Dizeli Nyamira Bila Kununua Hita Plagi

Kwanza tafuta mteremko. Hii ndiyo hatua rahisi kuliko zote, kwa sababu uko Gusii, na siku Mungu alipokuwa akigawa ardhi tambarare sisi tulikuwa shambani tunapalilia. Mwenzako wa Ahero atahangaika na betri. Wewe egesha pikapu jioni pua ikitazama bondeni, tia jiwe chini ya gurudumu, ukalale. Alfajiri toa jiwe, kanyaga klachi, tia gia ya pili, teremka, achia. Injini itakohoa, itatoa moshi mweupe wa kufukuza nyuki wa kijiji kizima, kisha itawaka kabla hujafika mtoni. Isipowaka kabla ya mto, soma hatua ya pili. (Kama gari lako ni la otomatiki, hatua hizi mbili hazikuhusu. Nenda moja kwa moja kwenye aibu.)

Hatua ya pili ni wasukumaji. Kwetu, nje kidogo ya Kebirigo, wachumaji wa majani chai hupita na vikapu saa kumi na mbili asubuhi. Simama kando ya pikapu na uso wa msiba, useme "bwakire", salamu yetu ya asubuhi, kwa sauti ya chini. Watatua vikapu wenyewe. Malipo ni chai na mandazi. Usipige hesabu. Mimi nilipiga, nikagundua kwamba kwa wiki mbili wanaume watano wamekunywa na kutafuna bei ya plagi zote nne, na nikajuta kujua.

Sasa tupate ushauri wa wataalamu. Fundi wa kwanza atasema ni betri: nunua. Wa pili atasema starta: fungua. Wa tatu atafumba macho, atasikiliza injini kama daktari anayesikiliza kifua, kisha atatamka, "Pampu, mkubwa." Hapo ndipo ng'ombe huuzwa. Wakati huohuo jirani atakuwa amekuja na birika la maji moto ya kumwagia pampu, apasue chuma kilicholala na baridi usiku kucha. Binamu yake atawasha gazeti mbele ya njia ya hewa. Na kijana wa boda boda atapuliza ile dawa ya mkebe yenye etha. Etha ni kitu cha ajabu. Ikikutana na hita plagi moja iliyobaki hai na yenye moto, hulipuka papo hapo, na wakati mwingine huondoka na nusu ya pistoni.

Kuna wakaidi wanaotaka kujua sababu. Haya. Dizeli haina plagi ya cheche. Rudolf Diesel, aliyefanikiwa kuiendesha injini yake vizuri mwaka 1897, aliitegemea hewa yenyewe. Pistoni huibana, katika hizi Toyota za zamani karibu mara 22, hadi inakuwa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta. Mimi pikapu yangu niliinunua Mombasa, ambako hata alfajiri ni joto na hewa ya pwani ni nzito. Iliwaka kwa kugusa tu. Muuzaji hakusema uongo. Lakini milima ya Nyamira hupita mita 2,000, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, na Julai injini hulala kwenye baridi kama ndizi kwenye jokofu. Kidogo cha kubana, na hicho kidogo ni baridi. Ndiyo maana kila silinda ilipewa kijiti, yaani hita plagi, kinachopashwa na umeme hadi kiwe chekundu. Vyangu vilikufa zamani, nafikiri tangu Voi, njiani kutoka pwani, na hakuna aliyejua.

Na ile taa ya njano kwenye dashibodi, iliyopinda kama mkia wa nguruwe? Iliwaka na kuzima kila asubuhi kwa uaminifu mkubwa. Kwenye magari mengi ya zamani taa hiyo huhesabu muda tu. Plagi zote nne zinaweza kuwa marehemu nayo ikaendelea kuwasalimia.

Ukiwa umechoka na mandazi, azima mita. Injini ikiwa baridi, washa ufunguo na upime volti kwenye ule ukanda wa chuma unaounganisha plagi. Kama hakuna kitu, usinunue plagi: huenda kilichokufa ni fyuzi au rilei, na plagi mpya zitakaa pale kama wageni kwenye nyumba isiyo na stima. Kama umeme upo, zima ufunguo, fungua nati ndogo, uondoe ukanda. Pima ukinzani, waya mmoja kwenye kichwa cha plagi, mwingine kwenye bodi ya injini. Plagi hai huonyesha omu moja hivi au chini yake. Iliyokatika huonyesha kama vile hujagusa kitu. Huna mita? Balbu ndogo yenye waya kutoka chanya ya betri, ncha kwenye kichwa cha plagi: ikiwaka, waya wa ndani haujakatika.

Dukani, soma volti zilizoandikwa ubavuni. Plagi ya volti 6 ukiiunga moja kwa moja kwenye betri ya 12 kuijaribu, itang'aa vizuri sana, mara moja tu.

Kuzitoa zilizokufa ndiko kuzuri. Zinyunyizie mafuta ya kutu jioni, uziache zilale. Kesho injini ikiwa vuguvugu, zungusha kidogo, rudisha kidogo. Ukitaka mkasa, chomeka bomba refu kwenye spana na umwite kaka yako mnene. Plagi itakatikia ndani, hedi itashushwa, na mtafahamiana vizuri na gereji. Mpya anza kuzifunga kwa vidole, kisha malizia kwa spana fupi, mkono mmoja, bila kuuma meno.

Asubuhi baada ya kufunga zangu mpya, wasukumaji walifika kama kawaida wakatua vikapu. Niligeuza ufunguo, nikangoja mkia wa nguruwe uzime, nikapiga starta. Injini ikawaka kabla hawajashika bodi. Kimya. Mzee mmoja aliizunguka pikapu, akainama kwenye ekzosi, akautafuta moshi.

"Mwalimu," akasema, "kwa hiyo chai imeisha?"

Nikazima injini. "Hapana, tata," nikamwambia. "Hebu tusukume kidogo."